Watoto wa Vita vya Nyanda za Juu: Riwaya Tulizonazo na Zile Tunazodaiwa

Wadau, hebu tuanze na jambo ambalo mwalimu wangu wa historia hakuwahi kuligusa. Vita vya Wahehe na Wajerumani vilifunguliwa na kijana na vikafungwa na kijana. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, kamanda Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimbatiza jina la Nyundo, aliingia kwenye mtego wa Mtwa Mkwawa akiwa amepanda punda. Wahehe walitoka vichakani na mikuki, na ndani ya muda mfupi sana msafara ulikuwa umekwisha: Zelewski mwenyewe, Wajerumani wenzake na askari wao zaidi ya 200. Masimulizi yanasema aliyemchoma Nyundo mkuki hakuwa jemadari yeyote mwenye jina. Alikuwa kijana wa miaka kama 16 hivi, akazawadiwa ng'ombe.

Sasa ruka miaka saba mbele. Tarehe 19 Julai 1898, sajini Merkl na kikosi chake wanamfukuzia Mkwawa porini karibu na Mlambalasi. Kichwa cha Mtwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000. Njiani wanamkamata mtumishi wake, kijana, na huyo ndiye anayewaonyesha njia. Wanaponyemelea wanakuta watu wawili wamelala kando ya moto. Merkl anafyatua risasi, lakini waliolala ni maiti tayari. Mkwawa alikuwa amejimaliza mwenyewe ili asishikwe.

Wa kwanza tunamwita shujaa, ingawa jina lake hatulijui. Wa pili, akitajwa, anatajwa kwa kutemewa mate. Mimi huyu wa pili ndiye hunikosesha usingizi. Alikuwa anakwenda wapi alipokamatwa? Alitumwa maji? Alitoroka? Amekaa porini na mfalme mgonjwa kwa muda gani, anakula nini, analala wapi Julai ile, na baridi ya Iringa ya mwezi wa saba mnaijua? Halafu anatokea mzungu na bunduki anamuuliza swali moja. Ungejibu nini wewe ukiwa na umri ule?

Hayo ni maswali ambayo mwanahistoria anaweza kuyauliza lakini hana ruhusa ya kuyajibu. Mwenye ruhusa ni mtunzi wa riwaya. Na ndiyo maana leo nataka tuzungumze kuhusu riwaya za kihistoria za vijana, hasa zile zinazotokea wakati wa vita, na hasa za kwetu huku Iringa na Mbeya. Sehemu hii ya nchi imepitiwa na vita vingi kuliko watu wanavyodhani, halafu kwenye rafu ya vitabu vya vijana unakuta tumeandikiwa kimoja tu.

Hicho kimoja tumshukuru Profesa Mugyabuso Mulokozi. Yeye ni mtu wa Kagera, wala si Mhehe, lakini vita vya Mkwawa vilimkaa rohoni kwa miaka mingi. Alianza na tamthilia ya Mukwava wa Uhehe mwaka 1979. Baadaye akawageukia vijana: Ngome ya Mianzi na Ngoma ya Mianzi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha Moto wa Mianzi mwaka 1996. Angalia mwenyewe alivyoshikilia hiyo mianzi. Mgeni anaweza kudhani ni pambo tu. Aliyekulia Iringa anajua kwamba mwanzi ni uzio, ni kapu, ni kichanja cha mahindi, na msimu wa mvua ukifika ni ulanzi. (Wa ulanzi mnajijua.) Mtunzi aliyetoka mbali akaliona hilo, maana yake alikuja akakaa, akatazama, hakuandika kutoka maktaba peke yake.

Mimi Ngome ya Mianzi niliisoma nikiwa shule ya msingi, kwa mwanga wa kibatari, kitabu chenyewe hakina jalada na kurasa za mwisho zimeng'olewa. Kilichonishika si tarehe. Tarehe nilikwisha kuzikariri darasani: 1891, 1894, 1898, kama namba za simu. Kilichonishika ni kugundua kwamba Kalenga ilikuwa mahali ambapo watu walipika, waligombana, waliogopa. Kabla ya hapo Kalenga kwangu ilikuwa jibu la mtihani. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani wakiongozwa na gavana von Schele waliibomoa ngome ile kwa mizinga. Sentensi hiyo moja ndiyo kitabu cha historia kinakupa. Riwaya inakuuliza, je, siku hiyo wewe mtoto ungekuwa upande gani wa ukuta?

Hapo ndipo penye uzito wa mambo, na hapo ndipo mimi na baadhi ya rafiki zangu tunapotofautiana. Kuna wanaoamini riwaya ya vita kwa watoto iwe na mashujaa weupe pee na maadui weusi tii, ili mtoto apate uzalendo. Nasema hapana, na sababu yangu ni barabara ya Iringa–Mbeya.

Panda basi Iringa mjini asubuhi. Unapita Ifunda, unapita Mafinga, Makambako, unashuka bonde la Usangu: Igawa, Chimala, Igurusi, halafu Uyole na Mbeya. Ukifika bondeni umeingia nchi ya Merere. Wasangu na Wahehe walipigana vibaya sana kabla hata Mjerumani hajaonekana. Wahehe wakawashinda, Wasangu wakahama Utengule yao ya Usangu wakakimbilia upande wa Usafwa, karibu na inapokaa Mbeya ya leo, wakajenga Utengule nyingine huko. Kwa hiyo Wajerumani walipomgeukia Mkwawa, Merere alifanya hesabu yake. Alishirikiana nao, na miaka ile ya 1890 akarudishwa Usangu kwa msaada wao.

Sasa chukua darasa moja la kidato cha pili pale Mbeya. Dawati hili amekaa mtoto ambaye babu yake mzaa babu alikufa Kalenga. Dawati la pili amekaa mtoto wa Rujewa, wa kwao walirudishiwa nchi na haohao waliobomoa Kalenga. Mwalimu anagawa riwaya. Ukiandika kwamba Merere alikuwa kibaraka, basi, umemaliza, yule mtoto wa Rujewa umemtoa nje ya darasa na hajafanya kosa lolote. Ukiandika kwamba hakukuwa na ugomvi wowote, Waafrika wote walikuwa kitu kimoja, umewadanganya wote wawili. Na watoto wana pua kali, wananusa uongo haraka kuliko wahariri wangu.

Halafu hata ndani ya Uhehe kwenyewe mambo hayakunyooka. Mwishoni mwa 1896 Wajerumani walimsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala. Walidhani wamepata mtu wao. Kabla Februari 1897 haijaisha walikuwa wamemnyonga, wakimtuhumu kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Je, alikuwa anasaidia kweli? Alikuwa na nia gani alipokubali kile kiti? Familia moja, mmoja porini na mwingine kitini, wote wawili wamekufa kwa sababu ya Mjerumani mmoja. Jamani, hiyo ni riwaya ambayo mtu angeisoma hadi kibatari kiishe mafuta, na mtoto asingehitaji kuambiwa nani wa kumpigia makofi.

Na bado kuna Majimaji. Wengi tunaijua kupitia Kinjeketile, ile tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969, na kichwani tunapiga picha ya Ungindo na Umatumbi. Lakini mwezi Septemba 1905 Wabena walivamia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe ya leo. Na Wahehe, watoto wa Lugalo wale wale? Hawakujiunga. Wengine walipigana upande wa Wajerumani. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu kifo cha Mkwawa. Mtoto aliyekuwa na miaka 9 baba yake alipokufa vitani mwaka 1898 sasa ana miaka 16 na anaweza kuwa anabeba ngao kwa ajili ya watu waliomuua baba yake. Mtunzi asiyeweza kuingia ndani ya kichwa cha kijana huyo aache kuandika vita, aandike mapishi.

Wapo watakaosema watoto hawawezi kubeba mambo magumu namna hiyo. Mimi nasema waliyabeba wenyewe, kwa maana halisi ya neno kubeba.

Tuje 1916. Vita Kuu ya Kwanza sisi hufundishwa kama vita ya Ulaya iliyokosea njia. Huku nyanda za juu ilipita mlangoni. Mwezi Mei 1916 Jenerali Edward Northey alivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, akaichukua Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Mwezi Julai wakapigana Malangali. Tarehe 29 Agosti Iringa ikawa mikononi mwa Waingereza. Usidhani ndiyo ikaisha, kwa sababu miezi miwili baadaye Jenerali Wahle na Wajerumani waliorudi nyuma kutoka Tabora walipita hapohapo, wakapigana tena Iringa na Malangali na Lupembe, na Novemba kundi lao moja likasalimu amri Ilembula. Mwaka 1918 von Lettow-Vorbeck naye akapita Njombe akielekea Rhodesia ya Kaskazini, akamwacha Wahle huyohuyo njiani akiwa mgonjwa. Yaani kijiji kimoja kingeweza kuporwa mahindi mara tatu, na majeshi matatu tofauti, na kila moja likasema limekuja kukulinda.

Na nani alibeba mizigo? Huku barabara za magari hazikuwepo na mbung'o walimaliza wanyama. Risasi, unga, dawa na hata vipande vya mizinga vilisafiri kichwani na mabegani. Kusini waliitwa tengatenga. Kwa upande wa Waingereza peke yao, makadirio ya wapagazi katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki yanafika watu milioni moja, na waliokufa ni karibu 100,000, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa, si kwa risasi. Ukinunua viatu Kariakoo unatembea juu ya jina lao. Abdulrazak Gurnah, mwenzetu wa Zanzibar aliyepata Nobeli mwaka 2021, aliwarudia watu wa zama zile kwenye Afterlives (2020). Kitabu kizuri sana, lakini ni cha watu wazima na kiliandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Tukuyu anayetaka kujua babu yake mzaa babu alibeba nini kupanda Milima ya Kipengere anasubiri.

Kuhusu lugha nina donge, niliteme. Mwaka 2008 ilianzishwa hapa nchini Tuzo ya Burt, kwa ajili ya riwaya za vijana. Jambo la heri, waandishi walipata fedha na vitabu vilifika shuleni. Lakini riwaya zilitakiwa ziwe za Kiingereza. Sina ugomvi na Kiingereza, ndicho kinanilipa kodi ya nyumba mwezi mbaya. Ila vita hivi watu walivipigana wakilia kwa Kihehe, Kibena, Kinyakyusa na Kisangu, na amri za askari zilitolewa kwa Kiswahili. Kuviandika kwa Kiingereza ili mtoto wa Chimala avisome ni kumzungusha mtu Nairobi ili afike Makambako.

Sasa nije kwenye lile ambalo lilinifanya niandike yote haya. Vita Kuu ya Pili. Kwa Kiswahili tuna Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, maelfu ya beti kuhusu vita vya 1939 hadi 1945, na tuna hadithi za babu waliokwenda Burma na KAR. Lakini kuna wazungu walioletwa huku na vita hivyohivyo, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto.

Fuatilia safari yao. Septemba 1939 Poland inavamiwa, Hitler upande mmoja na Stalin upande mwingine. Mwaka 1940 familia za mashariki ya Poland zinatolewa majumbani usiku, zinapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, zinapelekwa Siberia na Kazakhstan. Juni 1941 Hitler anamgeuka Stalin, na Wapolandi wanaachiwa. Wanaume wanakwenda kwenye jeshi la Jenerali Anders. Mwaka 1942 wanawake na watoto wanavushwa Bahari ya Kaspi hadi Iran, wengi wakiwa mifupa mitupu. Kutoka huko wanapanda meli kuja Afrika Mashariki. Kwa jumla waliokuja Afrika Mashariki na Kati walikuwa zaidi ya 18,000. Kambi kubwa kabisa ilikuwa Tengeru kule Arusha, watu kama 5,000. Na kambi nyingine mbili zilikuwa hapahapa kwetu: Ifunda na Kidugala.

Nilipoisikia Ifunda kwa mara ya kwanza katika habari hii nilidhani ni Ifunda nyingine. Ni hiihii, ambapo mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilifunguliwa shule ya ufundi, na ambapo basi likisimama unanunuliwa mahindi ya kuchoma dirishani. Mtoto wa miaka 10 aliyemzika mdogo wake kwenye theluji ya Kazakhstan aliamka asubuhi moja akaona ukungu wa Ifunda na milima ya kijani.

Kidugala ina kisa chake zaidi. Hapo palikuwa na misheni ya Wajerumani, wa Berlin. Septemba 1939 vita vilipotangazwa, serikali ya Waingereza iliwakamata wanaume wa Kijerumani Tanganyika nzima, wakulima na wamisionari, na nyanda za juu kusini walikuwa wengi. Kwa hiyo watoto waliofukuzwa makwao na vita alivyovianza Mjerumani walikuja kulala katika misheni iliyojengwa na Wajerumani, katika koloni lililokuwa la Wajerumani, katikati ya Wabena ambao wazee wao walipigwa na Wajerumani mwaka 1905. Mtunzi akikaa kubuni jambo kama hilo, mhariri wake angemwambia apunguze.

Kambini walikuwa na shule zao, kanisa lao, skauti wao. Walikaa hadi vita vikaisha, na wakagundua kwamba hawana pa kurudi, kwa sababu mashariki ya Poland ilikuwa imemezwa na Urusi ya Stalin. Wakasambazwa Uingereza, Kanada, Australia. Wengine hawakuondoka kabisa, makaburi yao yapo. Huko walikokwenda waliandika kumbukumbu zao, na katika nyingi za kumbukumbu za kambi za Afrika wenyeji wanapita kwa nyuma kama miti: anayeuza ndizi, anayelinda lango, anayechota maji.

Huyo anayeuza ndizi ndiye ninayemtaka mimi. Mpe miaka 12. Mpe kaka aliyechukuliwa KAR, barua hazifiki. Kila siku anapeleka mayai kwenye lango la kambi, anawaona watoto wa kizungu wamevaa nguo za msaada zisizowatosha, na hajawahi kuona mzungu maskini maishani mwake. Ameambiwa mzungu ni bwana. Huyu aliye mbele yake ana hofu ya kukosa mkate mpaka anauficha chini ya mto. Wanazungumzaje? Kwa Kiswahili kibovu cha wote wawili. Akirudi nyumbani anamuuliza bibi yake, hivi na wao hufukuzwa? Na bibi huyo, kama ana miaka 65 mwaka 1943, alikuwa binti wa miaka 16 Kalenga ilipovunjwa. Anayo majibu.

Hesabu hiyo niliifanya kwenye daftari nikiwa kwenye basi, nikairudia mara mbili. Mkongwe mmoja, maisha ya mtu mmoja tu, anaunganisha mizinga ya von Schele, Majimaji, tengatenga wa Northey na Wapolandi wa Ifunda. Hakuna haja ya kubuni ukoo wa ajabu. Na mjukuu wake akizaa, mtoto huyo anaweza kuwa ndiye aliyeuza mahindi kwa wapiganaji wa Zimbabwe waliokuwa wakifunzwa Mgagao, mkoani Iringa, miaka ya 1970. Hiyo nayo ni vita, na hiyo nayo ina vijana wake.

Mwenye nia ya kuandika asianzie kwenye kompyuta. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1944 sasa amepita 90. Kama una bibi au babu wa upande wa Ifunda, Kidugala, Wanging'ombe, mtafute wikiendi hii, mpelekee sukari, na usimuulize habari za vita. Muulize alikuwa anauza nini, kwa bei gani, na nani alikuwa mteja wake.